Mtu wa Tano

Kitendawili! Ninacho tangu kuzaliwa, natembea nacho kila siku, lakini uzuri wake wanaujua majirani. Umeshindwa? Nipe mji. Memphis? Haya, nimekwenda Memphis, nimekula, nimeshiba. Jibu ni sauti.

Otha Lee Pettigrew, mzaliwa wa huko, hakuwaamini majirani. Mchungaji alimtoa kwenye kwaya akampa kazi ya kugawa vipepeo vya kujipepea. Otha Lee akajua ameondolewa asiwatie wenzake aibu kwa uhodari wake. Nyumbani akianza kuimba, mbwa alitoka bila kufukuzwa.

"Wivu tu," alisema.

Jumamosi moja alisimama sebuleni kwa Roscoe Tibbs, jasho likimtiririka. Kundi la kuimba la Roscoe lilikuwa la vijana watano, lakini Lucius alikuwa ameitwa jeshini ghafla, na shindano la ukumbini lilikuwa kesho yake. Ama Otha Lee achukuliwe, ama Jumatatu arudi kwa Mjomba Hosea kunyonyoa kuku.

Thaddeus Boykin, naye akiitaka nafasi hiyo kama wengine waliokwisha kukataliwa, alitangulia kuimba. Kifua chake kipana kama mlango wa kanisa, na sauti yake ikawatoa machozi wanawake waliokuwa jikoni.

Mama Earline, mamake Roscoe, fundi cherehani, alikuwa kwenye kochi na pini mdomoni. Alimtazama Thaddeus juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Hata huyu, Mama?" Roscoe alishangaa. "Haya. Pole, ndugu yangu."

Ikawa zamu ya Otha Lee. Sauti ikapanda, ikakwama, kisha ikaporomoka, mwenyewe leo hukiri, kama mbuzi aliyeteleza juu ya bati. Kijana mmoja wa kundi akajifunika uso kwa kofia. Otha Lee akajua analia.

"Nyoosha mikono," Mama Earline alisema, meno yakiwa yamebana pini. "Inama. Haya, geuka."

Otha Lee akazunguka mara tatu.

"Taratibu, baba, wewe si pia ya watoto!" Akamkagua tena, kisha akaitikia kwa kichwa. "Huyuhuyu."

"Mama! Kwani umemsikia?"

"Nimesema huyuhuyu."

Otha Lee nusura apige magoti. "Mama Earline, hebu niambie, umenipendea nini?"

Mama akaonyesha zile pini mdomoni, akampungia mkono aende zake.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Roscoe alimpanga mwishoni kabisa, mbali na maikrofoni.

"Wewe fungua mdomo tu, ndugu. Sauti usitoe."

"Nisije nikawafunika?"

"Ehe. Usije ukatufunika."

Watano wakageuka pamoja, wakanyoosha mikono pamoja, wakameta kama samaki wa fungu moja. Wasichana wakapiga mayowe mpaka mmoja akapoteza kiatu. Kundi likashinda, na bwana mmoja wa studio akawaita waende kurekodi. Kwaheri, kuku.

Nyuma ya pazia, Mama Earline alikuwa akimnyofoa Otha Lee uzi begani. Kijana akajiona ameshafika. Akauliza tena, kwa sauti kubwa ili na wenzake wasikie:

"Mama, sema kweli. Wote wale waliokuja, mbona ulinichagua mimi?"

"Mwanangu," Mama Earline alisema, "Lucius aliitwa nikiwa nimeshamaliza kumshonea suti. Thaddeus isingempita hata mabegani."