Ugonjwa wa Gari la Baba

Aliichomoa fyuzi kwa kucha mbili, akaitumbukiza mfukoni mwa ovaroli, akarudisha kifuniko. Ndipo akaita.

"Baba, njoo ujaribu."

Baba yake alikuja akifuta mikono kwenye suruali, akapanda, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya kile kile.

"Safari hii ni nini, mama?"

"Pampu ya mafuta," binti alisema, macho yake yakiwa kwenye tairi. "Itabidi niagize nyingine."

"Basi agiza. Wala usijitese kukimbizana nayo."

Hakukasirika. Hakuwahi kukasirika, na hilo ndilo lililomchoma binti kuliko yote.

Gari lenyewe walilichagua pamoja, mwaka ule baba alipostaafu udereva wa malori na kuanza kufuga nyuki mlimani, kusikofikika kwa gari la kawaida. Baba alitaka lile la kupandwa kama pikipiki. Binti, aliyekuwa fundi wa magari, akashikilia hili: magurudumu manne manene, viti viwili sambamba, mikanda, na juu mabomba ya chuma ya kumkinga mtu likipinduka.

"Na hicho kiti cha pili ni cha nani?" baba aliuliza dukani.

"Changu," alijibu. Tangu siku hiyo alikuwa amekikalia mara za kuhesabika.

Kila Jumamosi alikuja kulihudumia. Alikung'uta vumbi kwenye kichujio cha hewa, akapaka grisi kwenye maungio, akakagua mkanda wa gia, akapunguza upepo kwenye matairi ili yang'ate tope. Kazi safi, ya kujivunia. Halafu, kabla ya kunawa mikono, akaliua.

Alianza mchezo huo baada ya kuona alama za magurudumu kando ya korongo, kwenye njia ya kwenda mizingani. Ya kulia yalikuwa yamepita juu ya ukingo wenyewe, udongo umemomonyoka.

"Baba, hapa ulikuwa unakwepa nini?"

"Hapa wapi?" baba aliuliza, akikodolea macho mahali pengine kabisa.

Alijua alipaswa kusema siku ile ile. Lakini utamwambiaje mtu aliyevuka milima na mvua za kila namna bila kukwaruza hata taa, kwamba macho yamemwishia? Ilikuwa rahisi zaidi kumwibia fyuzi.

Tena baba, dereva wa miaka yote ile, hakuwahi hata kukifungua kisanduku cha fyuzi, mahali pa kwanza ambapo mwanafunzi wa udereva angetazama. Anavyoniamini, binti aliwaza.

Siku hiyo jirani, ambaye sasa ndiye aliyepanda kwa miguu kumkagulia baba mizinga, alikuwa ameegemea ua, anawatazama.

"Mzee, huyu binti yako ni fundi wa nini? Gari la kwao limemshinda. Akija kwangu namficha hata baiskeli."

"Wewe unajua nini kuhusu magari?" baba alisema. "Ugonjwa wa hili ni wa ndani. Fundi mwingine angeshalitupa. Mwanangu anahangaika nalo kila wiki, na hajanilalamikia hata siku moja."

Binti aliinama kuokota spana asizozihitaji. Kejeli za jirani angezibeba. Kutetewa ndiko kulikomwelemea.

Jirani alipoondoka na baba alipoingia ndani, aliirudisha fyuzi mahali pake, akawasha. Gari likaunguruma. Baba akatokea mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Limepona," binti alisema. "Haikuwa pampu."

"Ahaa." Baba alikitazama kikombe. "Limepona kabisa?"

"Kabisa. Leo nalala hapa. Kesho asubuhi tupande wote mizingani. Wewe endesha, mimi nikae pembeni. Tukifika juu, nina jambo la kukuambia."

Alikuwa ameshapanga. Angempa baba safari moja ya mwisho, polepole, mkono wake ukiwa karibu na breki ya mkono. Kisha huko juu angekiri yote, la fyuzi na la macho, na wangelia au wangecheka, lakini uongo ungekuwa umekwisha.

"Usukani nishike mimi?" baba aliuliza.

"Si gari lako, baba?"

"Na wewe ukae hapo, upande wa korongo?"

"Ndiyo. Kwani una abiria mwingine?"

Baba alicheka kidogo, akasema sawa, akaimwaga chai iliyobaki kwenye maua.

Asubuhi binti aliamka mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo njiani. Akakaa kwenye kiti chake, akajifunga mkanda. Baba akapanda, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Uso ulimwaka binti kama aliyefumaniwa kwa kosa ambalo leo, kwa mara ya kwanza, hakulifanya. Akashuka haraka, akafungua kisanduku. Fyuzi zote zilikuwepo. Akainua kiti, akamulika kwa simu.

Waya wa plagi ulikuwa umekatwa. Haukuungua, wala haukutafunwa na panya. Ulikatwa kwa kisu. Na kisu hicho kilikuwa kimekosea mara kadhaa kabla ya kuupata, maana mikato mipya ilitapakaa kwenye bomba la mpira lililo jirani, kama ya mtu aliyekuwa akipapasa.

"Limekufa kabisa, siyo?" baba aliuliza kutoka kwenye usukani, kwa sauti ya mtu anayeomba, huku akikificha chini ya paja kidole gumba kilichofungwa kitambaa chenye damu.