Mtoto Aliyekatazwa Kucheka

Tangu vituo vya yatima vifungwe, yatima wote wanalelewa majumbani mwa watu, na kila nyumba ina kifaa ukutani kinachosikiliza. Mtoto akicheka mara tatu, kinaandika kwamba amepona. Anahamishwa siku hiyohiyo, nafasi yake apewe mwingine anayelia.

Nasra, yatima wa miaka mitano anayelelewa na shoga yangu Zuhura, alikuwa ameshacheka mara mbili. Kwa hiyo tukienda kusukana kwake, vichekesho ni marufuku.

Sasa mimi na mdomo wangu! Jana nikajisahau, nikasimulia jinsi shemeji yangu alivyokwenda kuposa amevaa meno ya bandia ya baba yake, yakang'ang'ania kwenye sambusa mbele ya wakwe. Nasra akaangua kicheko. Taa ya ukutani ikawa kijani.

"Shoga, umeniua," Zuhura akaninong'oneza. Msuko wa Nasra ulikuwa mkononi mwake, akauvuta kwa nguvu. "Lia, mama. Nakuomba, lia kidogo tu wakusikie."

Nasra akadhani ni mchezo. Akacheka mpaka akajilaza mapajani mwa Zuhura, na nje tukasikia mtu akipiga hodi, kwa sauti ya upole sana.