Chupa Mezani kwa Daktari

Fundi cherehani aliumwaga mkoba wake wote mezani kwa daktari: tepu ya kupimia, mkasi, bobini tatu za uzi, kichupa cha dawa chenye harufu ya mnanaa cha kumtulizia kikohozi akiwashwa na vumbi la vitambaa, na mwisho kabisa chupa kubwa ya dawa ya kifua. Vyote akavirudisha mkobani isipokuwa chupa kubwa. Hiyo akaigongesha mezani.

"Sumu hiyo. Ipime."

"Hii ni dawa ya kulegeza makohozi," daktari akasema bila hata kuigusa. "Niliiandika mimi."

Mtu mwingine angeona haya. Fundi alivuta kiti, akakaa, akausukumia mkoba chini yake, akajipanga upya.

Kitandani, baba yake, seremala mstaafu, alikaa ameinama mbele, barakoa ya oksijeni usoni, kifua kikikoroma kama msumeno uliokwama kwenye ubao mbichi. Aliletwa asubuhi hiyo midomo imeanza kuwa ya bluu. Pembeni yake alisimama mkewe, Mama Mdogo, ameshika daftari la shule lililokunjika kona. Fundi alimzidi umri kwa miaka miwili, na hajawahi kumwita mama hata kwa bahati mbaya.

"Basi muulize huyo anaitumiaje. Wiki nne sasa, kila akimnywesha, mzee anakohoa mpaka majirani wanafunga madirisha. Dawa gani ya kikohozi inaleta kikohozi?"

"Ndiyo kazi yake. Inayalegeza ili yatoke. Yatatokaje bila kukohoa?"

"Na maji je? Glasi juu ya glasi kutwa nzima. Baba yangu ni mtu au bustani?"

"Nilisema anywe maji."

"Na kumnyima usingizi? Mzee anataka kulala, huyo anamrundikia mito mgongoni, 'kohoa, mume wangu, kohoa.' Hata punda hafanyiwi hivyo!"

"Mwanangu," Mama Mdogo akasema, "punguza sauti, baba yako anapumzika."

Hapo ndipo Fundi alipoinuka.

"Mwanao nani? Gauni lako la harusi nimelishona mimi! Kiuno hicho nimekipima kwa tepu hii hii, leo nimekuwa mwanao? Umeolewa juzi, kifua cha baba yangu umekijulia wapi? Mimi nimelala juu ya kifua hicho kabla hujajua kutembea!"

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Leo hii anahamia kwangu," Fundi akaendelea. "Chumba tayari, mashuka nimeshona. Nimechoka kubisha hodi kwa baba yangu mara mbili kwa wiki kama mgeni. Nikija mimi nampa chai yangu, hakohoi hata kidogo. Analala kama mtoto mchanga. Baba, si kweli?"

Seremala akaisogeza barakoa. "Chai yako ya mnanaa..." Akaitafuta pumzi, akaipata. "Tamu, mwanangu."

"Umesikia, daktari?"

Daktari alikuwa ameshamgeukia Mama Mdogo. "Mbali na hii, kuna dawa nyingine anakunywa? Hasa zile za kukata kikohozi. Ukiyalegeza makohozi halafu ukakata kikohozi, yanabaki mle mle. Mtu anazama pakavu."

"Uliniambia nisichanganye, sijachanganya. Hata pale duka la dawa waliniuliza kama ana vidonda vya tumbo, nikawajibu hana. Ni hiyo tu, kijiko mara tatu."

"Mwongo!" Fundi akapiga meza, chupa ikaruka. "Mkagueni! Mtu hazami hivi hivi, lazima kuna mkono wa mtu. Na nakuapia, daktari, mkono huo ukipatikana, naupeleka polisi mimi mwenyewe. Sihitaji hata nauli, nitaukokota!"

Mama Mdogo alikuwa analia sasa, lakini si kwa huzuni. Akalibwaga daftari mbele ya daktari.

"Wiki nne natukanwa. Nimenyamaza kwa ajili ya huyo pale kitandani. Kila kitu nimeandika humo. Soma. Tena soma kwa sauti, na yeye asikie."

Daktari akasoma.

"Jumatatu. Kijiko mara tatu, glasi saba. Yametoka mengi. Jumanne. Yametoka, amekula vizuri. Jumatano. Hakukohoa tangu mchana. Jioni kifua kinakoroma." Akashuka mstari. "Alhamisi, yametoka kidogo. Ijumaa, mengi. Jumamosi. Hakukohoa. Anapumua kwa shida."

Akafunua wa pili. Wa tatu. Alipofika wa nne hakusoma tena kwa sauti, alikuwa anashusha kidole tu.

"Kila Jumatano na kila Jumamosi," akasema. "Na leo Jumapili mmemleta hivi."

"Si nilikwambia!" Fundi akaanza. "Si nili..."

"Siku hizo mbili, nani huwa naye?"

Mama Mdogo alifuta macho kwa kiganja, akatazama sakafu. Ni seremala aliyejibu. Kwa fahari ya mzee aliyeulizwa swali analolijua vizuri, aliinua kidole, akamwonyesha binti yake, akatabasamu ndani ya barakoa.

Chini ya kiti, Fundi alikuwa anausukuma mkoba nyuma kwa kisigino, polepole. Kichupa kikagonga mkasi, kikalia.