Mkono wa Mdogo Mtu

"Ndugu husubiri nje," mkunga alisema, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha wodi ya uzazi.

Dada mtu hakugombana. "Uzazi wa kwanza mdogo wangu alishika chuma cha kitanda, peke yake. Leo naomba anishike mimi."

Mkunga alimtazama, kisha akamvutia kiti hadi kando ya mzazi.

Mtoto alizaliwa salama, akilia kama anayedai haki yake. Mkunga alimlaza kifuani kwa mama yake, akageukia mzazi mwingine kitanda cha pili. Ndipo dada akaita, "Nesi, njoo! Mkono wa mdogo wangu umelegea, tena umekuwa baridi."

Mkunga alifunua shuka. Damu ilikuwa imetanda kimyakimya. Aliagiza sindano ya kuzuia damu, akaanza kulisugua tumbo lililokuwa laini kama unga uliokandwa, akasugua bila kupumzika hadi jasho likamtiririka. Pole pole likajikaza chini ya kiganja chake, gumu kama ngumi, na damu ikakoma.

Mzazi akafumbua macho. "Taratibu jamani, hilo ni tumbo, si nguo za kufua."

Dada alicheka huku machozi yakimtoka. Mkunga naye alishusha pumzi, lakini kiganja hakukiondoa.