Mguu wa Mpagazi

"Haujavunjika," alisema Mama Martha. "Piga tena."

Melkior alishusha mchi kwa mara ya pili. Hosea, mume wa dada yake, alikuwa amelala chali chini ya migomba, mguu wa kulia umewekwa juu ya mawe mawili. Eliakim, jirani yao, alikuwa amemkalia kifuani. Hosea aliuma kitambaa, macho yakamtoka.

Ndani ya nyumba Mektrida alilia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Alikuwa akilia hivyo tangu jana asubuhi, na khanga mbili zilikuwa zimelowa damu.

Melkior aliutupa mchi. "Mama, siwezi. Huyu anapandisha mizigo ya watalii. Bila mguu atakula nini?"

"Dada yako anakufa humo ndani, nawe unahurumia mguu?"

Maneno hayo yalimchoma. Mektrida ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamvusha makorongo kwenda shule. Akauokota mchi, akafumba macho, akapiga kwa nguvu zake zote. Safari hii wote waliusikia mfupa. Ulichungulia juu kidogo ya kifundo, mweupe, na Hosea akazimia. Melkior aliinamia mti wa kahawa akatapika.

Mama Martha hakupoteza hata dakika. Alimvika mkwewe koti la kazi, akamning'inizia kitambulisho cha kampuni shingoni. Eliakim alimpaka matope mgongoni na kwenye nywele.

"Ameteleza na mzigo," alisema Eliakim. "Wote tuseme hivyo hivyo. Atakayebwabwaja atanitambua."

Melkior aliipigia simu kampuni ya Hosea. "Mpagazi wenu ameanguka huku kwetu. Mguu umevunjika, mfupa uko nje. Njooni haraka!"

Wakambeba mpaka ukingoni mwa njia ya mlimani, iliyopita nyuma tu ya kihamba chao, shamba lao la migomba na kahawa. Hiyo ilikuwa njia ya magari ya watalii. Ya kwao waliiomba mara tatu, na mara tatu wakajibiwa kwamba watu mia tatu na kumi na wawili ni wachache mno kuchongewa barabara. Kufika lami ni saa nne za kutembea, na mvua ya juzi ilikuwa imesomba daraja la magogo. Melkior aliwachukia wote waliokaa ofisini wakiwahesabu. Kisha alitazama damu mikononi mwake, akajichukia zaidi.

Gari la uokoaji likafika. Dereva akaruka chini na machela.

"Shikamoo, mama. Poleni sana. Imekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ameteleza."

Dereva alisoma kitambulisho, akautazama mguu, akasonya kwa huruma. Walimlaza Hosea kwenye machela na kumpandisha garini. Alizinduka kwa yowe.

"Msindikizaji ni mmoja tu, wa familia," alisema dereva. "Mwanakijiji mwingine siruhusiwi kubeba, hata awe anakata roho. Nani anakwenda naye?"

"Mke wangu," alisema Hosea.

Melkior alikwisha kukimbia. Alirudi amembeba Mektrida, tumbo limetangulia, mtoto amekwama humo siku ya pili sasa.

Dereva alipogeuka, Hosea alikuwa amejibwaga kwenye sakafu ya gari, mfupa ukiburuzika, ili mkewe apate pa kulala.