Shati la Kongamano

Wafadhili hawatoi hela ya kongamano la utafiti wa dawa za kulevya mpaka kwenye kiti cha mbele akae mtu aliyeuawa na unga. Ndiyo maana Bi Mwanasha wa Chumbageni kila mwaka hupiga pasi shati la marehemu mwanawe, Kombo. Wanasayansi waliirudisha sauti na akili yake ndani ya kisanduku. Kisanduku huvishwa shati, hupelekwa ukumbini, kisha hurudi kukaa na mama hadi mwaka mwingine.

Leo mchana kimerudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuuliza nini safari hii?"

"Yale yale, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inavyoanza mwilini. Mama, wamekaribia kupata tiba. Wanasema kongamano lijalo huenda likawa la mwisho."

"Na wewe?"

"Makongamano yakiisha, wananizima."

Aliyasema kama zamani alipokuwa akiaga kwenda dukani.

Bi Mwanasha alimvua shati, akaswali alasiri, akainua mikono aombe dua yake ya kila mwaka, watafiti wafanikiwe. Nyuma ya ukuta, Zulekha, binti wa jirani, alikuwa akilia kwa arosto, na mamake akimbembeleza kama kichanga.

Maneno ya dua hayakutoka.

"Mama," Kombo aliuliza kutoka mezani, "mwaka huu huwaombei?"

Bi Mwanasha alikunja msala. Akalitandaza shati lile lile kwa ajili ya mwaka ujao, akachomeka pasi.