Rashasha Iliyomwogopa Vuai

Siku hiyo mjinga alikuwa Vuai, na mpaka leo hakatai. Mtu mwenye hadithi nzuri hutembea nayo tu, haitafutii shahidi.

Alimtoa mkewe Mardhiya nyumbani kwao Walthamstow, pembeni mwa London, akampandisha treni mbili hadi makumbusho ya vita, ili amwoneshe kwa macho ile rashasha iliyomwogopa kule Unguja mwaka sitini na nne.

"Ndiyo kama hii," alisema, kifua mbele. "Siku ya mapinduzi ilinitumbulia mdomo mbele ya kituo cha polisi. Askari kailalia, kidole tayari. Nikasimama kama mnara, nikaigusa hirizi ya babu. Kimya! Haikutoa hata cheche."

Kwa habari hiyo baba yake Mardhiya aliwanyima binti wachumba wawili wenye maduka, akampa shujaa.

Bahati mbaya, London ilikuwa imemfundisha Mardhiya kusoma vibao.

"Baba Msabaha, hapa wanasema hizi za zamani zilikuwa zikikwama ovyo. Mkanda wa risasi ni wa kitambaa, ukipata unyevu, basi tena. Kumbe nimeolewa na umande?"

Vuai, ambaye hajawahi kumsifu Mwingereza hata kwa chai yake, ghafla akawa wakili wa viwanda vyake.

"Umande kitu gani! Mashine ya Mwingereza hii! Haikwami!"

Pembeni alisimama mlinzi wa makumbusho, mtu wa bara, jina lake Elkana limebandikwa kifuani. Alikuwa akitabasamu. Vuai akamwita.

"Ndugu yangu, wewe unashinda nayo kutwa. Mwambie huyu. Hukwama?"

"Hukwama sana, mzee. Tena ikikwama, unaipiga ngumi hapa ubavuni, halafu unamwomba Mungu."

Mardhiya akacheka. Vuai akaiona ndoa yake ya miaka ishirini na sita ikiyumba.

"Lakini yangu haikukwama! Kilikuwa kiangazi, mkanda mkavu! Ilizuiwa!"

"Kituo gani, mzee?"

Vuai akakitaja. Elkana akavua kofia, akamtazama juu mpaka chini, akakawia kwenye viatu.

"Yako kweli haikukwama," alisema.

"Umesikia, Mama Msabaha?" Vuai akajipiga kifua. "Umemsikia shahidi?"

"Ilikuwa nzima kabisa," alisema Elkana. "Ila ulivyotimka umeuma pindo la kanzu, ndara mguu mmoja, nilicheka mpaka nikashindwa kulenga."